Kilichomo Ndani ya Bambo

Mnunuzi mzoefu wa mahindi akiingia ghalani hahangaiki kufungua magunia. Anachomoa bambo. Ni bomba fupi la chuma lenye ncha kali upande mmoja na mfereji uliokatwa ubavuni. Analichoma kwenye gunia, anazungusha kifundo cha mkono, na punje zinateremka mferejini mpaka kiganjani. Anazipuliza vumbi, anatazama rangi, ananusa. Moja anaitia menoni: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea bado ina maji. Kisha anapitisha kidole juu ya tundu, nyuzi za gunia zinarudi mahali pake, na yeye yuko gunia la pili. Muda si mrefu ameshaamua bei ya shehena nzima, na alichokishika hakijai bakuli.

Ukimwangalia kwa makini utaona kwamba anayeijua kazi hachomi mdomoni mwa gunia, ingawa hapo ndipo rahisi. Huinama akachoma ubavuni, karibu na sakafu, halafu katikati, kwa sababu muuzaji mwenye jambo la kuficha huweka mahindi mazuri juu. Gunia analolisahau ukutani, lililozibwa na mengine, ndilo analopaswa kulitafuta.

Ninaianza sura hii na bambo kwa sababu suala zima la sampuli limo ndani ya kile kibomba. Daktari, bwana shamba, mhandisi wa maji, mpelelezi na mjiolojia wote hufanya anachofanya mchomaji yule. Wanachukua kidogo ili kidogo hicho kiseme kwa niaba ya kingi kilichobaki, na wote wana hofu moja: kwamba walichochukua kinasema habari zake chenyewe, si za gunia. Wengi wetu tunaamini kwamba ukweli unapatikana maabara, ndani ya mashine. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba mara nyingi ukweli huo huokolewa au hupotezwa kabla mashine haijawashwa, na mkono ulioshika bambo, sindano, kikombe au koleo. Mashine hupima ilicholetewa.

Mahindi yenyewe yanalifundisha jambo hili kwa ukali. Yuko kuvu aitwaye Aspergillus flavus anayeota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa zikiwa hazijakauka vizuri, zilizotobolewa na wadudu au zilizosumbuliwa na ukame shambani. Kuvu huyo hutoa sumu ambayo kwetu Tanzania imepewa jina zuri, sumukuvu. Haina harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na meno ya mchomaji hayawezi kuigundua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua tena, safari hii Dodoma na Manyara.

Kikomo kinachokubalika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uigeuze kuwa magunia. Chukua magunia 1,000 ya kilo mia mia, yapange uwanjani, kisha tafuta gramu moja ya sumu ndani ya yote. Gramu moja katika shehena ile, na umeshafika kikomo.

Ugumu zaidi uko kwenye namna sumu ilivyokaa. Haikukaa kama chumvi kwenye uji, imekaa kama kokoto kwenye mchele. Punje moja iliyooza inaweza kubeba sumu ya kutosha kuvusha kilo kadhaa za mahindi safi juu ya kikomo, na punje iliyogusana nayo ikawa haina kitu. Ukichoma bambo mara moja ukaikosa kokoto, shehena ya hatari inapewa cheti. Ukichoma mara moja ukaiangukia, mkulima mwenye shehena nzuri anapoteza mzigo wake. Wote wawili wamepimwa kwa mashine ileile, isiyo na kosa lolote.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huchoma mara nyingi, juu, katikati na chini, kidogo kidogo kutoka magunia mengi, mpaka wapate kilo nyingi za mchanganyiko. Halafu husaga. Hapa ndipo wengi hukosea, maana kishawishi ni kuchota kikombe kimoja cha punje nzima kwenye lundo na kukipeleka kipimwe. Kikombe cha punje ni kamari ileile ya bambo moja. Kusaga lundo lote ndiko kunakoigeuza kokoto kuwa chumvi. Unga ukishakuwa laini humwagwa juu ya turubai safi, husawazishwa uwe duara, kisha hukatwa msalaba kama mkate. Robo mbili zinazotazamana hutupwa, mbili zilizobaki huchanganywa upya, na duara hukatwa tena. Inarudiwa hivyo mpaka kibaki kiasi cha mfuko mdogo. Ni kazi ya vumbi na mgongo, wala haina kifaa cha kupigia picha ya gazeti, na kwa maoni yangu ndiyo saa muhimu kuliko zote katika upimaji wa sumukuvu.

Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na siku chache baadaye kuyaruhusu kwa masharti, mojawapo ya masharti hayo lilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba mzigo uko chini ya kikomo. Tangu hapo kila nikisikia mabishano ya vyeti mpakani, swali langu ni lilelile: cheti hiki kimetoka gunia lipi, nalo lilichomwa mara ngapi?

Bwana shamba ana gunia kubwa zaidi. Hekta moja ya shamba, ukiihesabu kwenda chini sentimita 20 tu, ina udongo wa zaidi ya kilo milioni 2, na maabara itapima gramu chache. Kwa hiyo hutembea shamba kwa mwendo wa nyoka, akichimba mahali 15 au 20, akimimina yote kwenye ndoo moja ya plastiki. Si ndoo ya bati, kwa sababu bati lililopakwa zinki litaongeza zinki ambayo shamba halina. Hukwepa kichuguu, zizi la zamani, chini ya mwembe, na mahali yalipochomwa mabua. Udongo wa pale ni mzuri, na ndiyo sababu hautakiwi. Mchanganyiko huanikwa kivulini, nusu kilo hufungwa na kuandikwa jina. Mkulima asiye na subira huchota koleo moja mlangoni mwa shamba, na mwaka mzima ananunua mbolea kwa ajili ya mlango.

Sogea sasa hadi benchi la maabara ya zahanati, maana pale bambo ni kisindano na gunia ni mtoto mwenye homa.

Mtaalamu anakishika kidole cha pete cha mkono wa kushoto, anakipangusa kwa pamba yenye spiriti, anasubiri kikauke. Anachoma. Tone la kwanza analifuta. Wazazi hushangaa kuona damu ya mtoto wao ikifutwa baada ya kilio chote kile, lakini tone hilo linaweza kuwa limechanganyika na spiriti. La pili ndilo linaloguswa na kioo. Kwa ncha ya kioo kingine analizungusha liwe duara la upana wa kama sentimita moja, zito kiasi kwamba ukiweka kioo juu ya gazeti maandishi yasomeke kwa tabu. Likiwa zito zaidi litabanduka wakati wa kuosha. Likiwa jepesi, vimelea vichache vitakosekana. Pembeni anaandika namba kwa penseli, kwa sababu wino huoshwa na dawa. Kisha anakilaza kioo kikauke chenyewe, bapa, mbali na nzi, maana nzi hula damu ile na kuacha mashimo. Hakikaushi juu ya moto hata kama foleni imefika mlangoni. Joto huzigandisha seli nyekundu kwenye kioo, na siri ya damu nzito ni kwamba seli hizo zipasuke na kuyeyuka majini ili vimelea vibaki peke yao, vikiwa vimepakwa rangi na dawa ya Giemsa.

Ndipo anapoinamia hadubini. Kabla ya kuandika kwamba hakuona kitu, anatakiwa apitie walau sehemu 100 za kioo kile chini ya lenzi kubwa, moja baada ya nyingine. Sehemu hizo zote 100 zikijumlishwa ni takriban robo ya mikrolita ya damu. Mtu mzima ana kama lita 5. Kwa mgonjwa mtu mzima, jicho lile limeona sehemu moja kati ya milioni 20 za damu yake. Na vimelea vya Plasmodium falciparum haviogelei muda wote: katika mzunguko wao wa saa 48, vikikomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa ya ndani, ambako kidole hakifiki. Ndiyo maana mgonjwa mwenye dalili huambiwa arudi apimwe tena. Nayapenda maneno ya fomu ya maabara kwa sababu yameandikwa na watu waliolijua hilo: "hakuna vimelea vilivyoonekana". Hayasemi kwamba havimo.

Kifua kikuu kina mtihani wake, na mtihani huo uko kwa mgonjwa mwenyewe. Anapewa kikombe chenye kifuniko na kuambiwa alete makohozi, na asipoelekezwa vizuri huleta mate. Mate ni ya kinywa, makohozi ni ya kifua, na kimelea anayetafutwa yuko kifuani. Dakika 2 za muuguzi kumweleza mtu avute pumzi kwa nguvu, akohoe kutoka chini, asimame penye hewa mbali na wengine, zina thamani kuliko mashine ya bei yoyote. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa makohozi yaliyokwisha kuchemshwa ili kuua vimelea. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 na kuwaonyesha wataalamu vikombe vya kupima upya. Wengi wametibiwa kwa sababu ya pua zile. Lakini hata panya buku hawezi kunusa ugonjwa kwenye kikombe cha mate.

Sasa sampuli imeshachukuliwa, na imechukuliwa vizuri. Hapo hadithi nyingine inaanza, kwa sababu kilichotoka mwilini au kisimani bado kina uhai na kinaendelea kubadilika njiani. Damu iliyo chupani inakula. Seli zake huendelea kutumia sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la chumba, hata mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imesahauliwa mezani tangu asubuhi anaweza kusomeka mzima mchana. Ndiyo kazi ya ile chupa yenye kifuniko cha kijivu: ndani yake kuna floridi inayozizuia seli zisile. Maji ya bomba nayo yana klorini inayoendelea kuua bakteria ndani ya chupa, kwa hiyo chupa huwekwa kwanza dawa ya kuizima klorini, vinginevyo maji yaliyokuwa machafu yatafika maabara yakiwa safi. Chupa husafiri kwenye barafu na hupimwa ndani ya saa 24. Anayesafirisha sampuli anakimbizana na saa hata kama hasikii mlio wake.

Safari ninayoifikiria zaidi ilifanyika Septemba 1976. Katika kijiji cha Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, watu walikuwa wanakufa kwa homa isiyo na jina. Daktari Mkongo Jean-Jacques Muyembe alitumwa kutoka Kinshasa. Alichukua damu za wagonjwa kwa mikono mitupu, bila glavu, damu ikimtiririka vidoleni, akanawa kwa sabuni. Alirudi Kinshasa na mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa ameugua, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Ubelgiji kwa ndege ya abiria, ndani ya chupa ya chai, thamosi ya buluu, pamoja na barafu. Ilipofunguliwa mjini Antwerp barafu ilikuwa imeyeyuka kwa sehemu kubwa, na chupa moja kati ya mbili za damu ilikuwa imevunjika, damu imechanganyika na maji. Peter Piot, kijana wa miaka 27, na wenzake waliishika wakiwa na glavu tu. Kutoka kwenye ile chupa iliyosalimika waliviotesha virusi, na chini ya hadubini ya elektroni wakaona kitu kirefu kilichojikunja kama mnyoo. Vikaitwa Ebola, kwa jina la mto, ili Yambuku isibebe aibu ya ugonjwa. Watu 280 kati ya 318 walioambukizwa walikuwa wamekufa.

Kila kitu katika safari ile kinamtisha mtaalamu wa leo, ambaye hufunga sampuli kama hiyo kwa matabaka matatu na kuisindikiza kwa hati. Mimi hunigusa kwa upande mwingine pia. Bila mikono ile ya Muyembe kusingekuwa na jina la ugonjwa. Na ugonjwa huo ulipozipiga Beni na Butembo kati ya 2018 na 2020, ukaua zaidi ya watu 2,200, sampuli zilipimwa hukohuko Kivu kwa mashine ya GeneXpert na majibu yakatoka ndani ya saa chache. Miongoni mwa sampuli hizo kulikuwa na pamba zilizopitishwa kinywani mwa marehemu nyumbani kwao, mbele ya wafiwa. Huwezi kuchukua sampuli hiyo kwa mkono peke yake. Unahitaji kwanza kuketi, kutoa pole, kueleza, na kusubiri.

Kuna sampuli ambazo zilitunzwa bila mtu kujua zitakuja kuulizwa nini. Mwaka 1959, Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa leo, mwanamume mmoja alitolewa damu kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Mwaka uliofuata, katika mji huohuo, kipande cha tezi ya mwanamke kilichukuliwa, kikatiwa dawa, kikazamishwa ndani ya nta na kuwekwa kabatini. Hakuna aliyekuwa amesikia UKIMWI. Damu ya mwanamume yule ilikuja kuonekana kuwa na virusi vya UKIMWI, na mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walitangaza kwamba kile kipande cha ndani ya nta kilikuwa navyo pia. Virusi vya sampuli hizo mbili vilishatofautiana sana, na kwa kupima tofauti hiyo walikadiria kwamba babu yao wa pamoja aliishi mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na 1908. Historia ya ugonjwa mzima ikasogezwa nyuma miongo kadhaa na kipande cha nta ambacho hakikuhitaji umeme wala friza, kilihitaji tu mtu wa kukiandika vizuri na watu wa kutokitupa.

Mahakamani kuandika vizuri ndiko kila kitu. Kielelezo cha dawa za kulevya kinachokwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali lazima kiwe na mlolongo usiokatika: nani alikikamata, nani alikifunga kwa lakiri, kilikaa wapi usiku ule, nani alikipokea. Pengo la usiku mmoja linaweza kutosha kumwachia mshtakiwa, hata kama kipimo chenyewe hakina doa, na ni haki, kwa sababu kipimo hakijui unga ulipitia mikono ya nani. Wanariadha wetu wanaujua utaratibu wa namna hii kwa njia nyingine: mkojo wao hugawanywa mbele yao katika chupa A na chupa B, wanazifunga wenyewe, na chupa B hubaki bila kuguswa ili siku ya ubishi iwepo.

Chupa B ndiyo niliyotaka kuifikia. Wachimbaji wa dhahabu wanayo ya kwao: mche wa mwamba unaotolewa na mashine ya kuchoronga hupasuliwa katikati kwa urefu, nusu ikaenda kusagwa, nusu ikabaki sandukuni. Miaka ya 1990, huko Busang, Indonesia, kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza dhahabu nyingi ajabu. Miche ilikuwa inasagwa yote, nusu ya kubakisha haikubakishwa. Mwaka 1997 wapimaji huru walichoronga upya kando ya mashimo yaleyale na hawakukuta dhahabu ya maana. Ile ya mwanzo ilikuwa imetiwa kwenye sampuli zenyewe. Watu waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni kwenye hisa zile walizipoteza.

Barafu nayo ina miche yake. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wenzake, wakachoronga barafu mahali sita, shimo refu kuliko yote likiwa karibu mita 50. Miche ya barafu ilishushwa mlimani na wapagazi, ikasafirishwa ikiwa bado imeganda mpaka Marekani. Ndani yake wakasoma vumbi la ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita, na mwaka 2002 wakaandika kwamba barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700. Wengine wameupinga umri huo na kusema barafu ya Kilimanjaro ni changa zaidi. Mlimani theluthi mbili na zaidi ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kabla hawajafika, na iliyosalia inaendelea kuyeyuka kila kiangazi. Siku itafika ambapo bambo halitakuwa na gunia la kuchoma. Lakini vipande vilivyobaki vya miche ile vinatunzwa Columbus, Ohio, katika chumba chenye baridi inayozidi nyuzi 30 chini ya sifuri, kila kimoja na namba ya shimo na kina chake, vikimsubiri mtu mwenye kipimo ambacho bado hakijabuniwa.